Nimekabidhi Lindo Baharini

Meli Nyeupe,
Ghorofa ya Nane, Chumba cha Kona,
Baharini.
Jumatano, asubuhi.

Mpendwa mdogo wangu Mlingoti,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, uwe umekaa au umejilaza, na zikukute na afya yako. Hujambo? Goti lako la kushoto linasemaje siku hizi? Watoto na wajukuu hawajambo? Na yule mkweo anayekupikia, mwambie kaka mkubwa anamsalimu na anamshukuru kwa uvumilivu, maana nakujua wewe na lawama zako za chumvi.

Mimi ni mzima kama chuma cha reli. Meno yapo, isipokuwa yale yaliyokwenda zamani ukiyaona. Mkono huu unaouona ni wangu mwenyewe, hakuna aliyenishikia kalamu. Ukikuta mstari umepanda mlima, jua ni meli imeyumba, si mimi. Na kwa kuwa najua miwani yako imeshindwa na atakayekusomea ni mjukuu, nitaeleza hata yale unayoyajua, ili mtoto asikwame katikati.

Ulisema katika barua yako kwamba huko usingizi umekukimbia, kwamba unakaa dirishani usiku kucha ukiangalia magari ya majirani yaliyoegeshwa barabarani. Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Jambo hilo nitalirudia. Vilevile utaona humu hamna salamu za shemeji yako. Zina sababu ya kutokuwemo, na hiyo nayo utaipata ukifika chini.

Sasa habari zenyewe. Kaka yako yuko melini. Usifikirie kimeli cha mizigo. Hii ni meli ya kitalii, ya kutembeza watu baharini bila kazi yoyote na kuwarudisha walipotoka. Kitinda mimba wetu, yule muuguzi, ndiye aliyelianzisha, akawakusanya kaka zake na dada zake, wakatukatia safari mimi na mama yao. Mimi nilikataa. Wakanibembeleza, nikakataa tena. Nikawaambia nyumba haiachwi peke yake. Wakamleta mpwa wetu fundi umeme akae humo na mkewe, ikabidi nifungashe.

Sababu ya safari ni shemeji yako. Presha yake imepanda mwaka huu mpaka ikatutisha. Daktari alimpa vidonge, lakini akasema vidonge peke yake ni kazi bure, mama huyu halali. Lazima alale. Kitinda mimba akanitazama mimi. Wote wakanitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye ninayekaa juu ya kope zake.

Ukweli ni kwamba tangu kifungwe kile kiwanda nilichokuwa nalinda, usiku mimi hukaa mlangoni. Navuta kile kiti cha mbao, naweka tochi mapajani, nasikiliza. Sioni ubaya wake. Mlinzi ni mlinzi. Lakini shemeji yako alimwambia daktari, mimi nikiwa papo hapo, kwamba kiti kikilia anajua niko macho naye anakaa macho, na kiti kikinyamaza anaogopa nimekufa, basi anaamka kuja kuangalia. Daktari akaandika. Mimi nikaangalia dirisha.

Basi tukaja. Meli yenyewe, mdogo wangu, chukua kiwanda chetu cha mablanketi, kipandishe juu ya kiwanda kingine, na kingine tena, kipake rangi nyeupe, kitoboe madirisha kama chekeche, halafu kisukume majini. Ndiyo hiyo. Nilitazama juu mpaka kofia ikaanguka. Wenzangu walikuwa wakipiga picha. Mimi nilikuwa natafuta milango. Nikaona mmoja wa watu na mmoja wa mizigo, basi, nikaridhika kidogo. Aliyeichora alikuwa na akili.

Penye mlango wa watu kuna walinzi na mashine, na hapo ndipo tulipopimana ubavu. Mlinzi mmoja mwenye masharubu akaniambia nivue mkanda, nivue viatu, ninyooshe mikono. Mimi niliyempekua meneja mbele ya dereva wake. Nikavua, nikanyoosha, lakini nikamwambia hajakunja nyayo za viatu, na mtu mwenye nia mbaya huficha mle. Akavikunja. Watu wa nyuma wakaanza kuguna, nikawaambia wangojee, wanalindwa.

Katika begi langu wakakuta tochi, wakaipitisha. Wakakuta rungu langu la kazi, wakalizuia. Wakakuta mnyororo na lile kufuli kubwa, wakaitana kuja kuliangalia, maana hata wao hawajawahi kuona kufuli la uzito ule. Wakaulizana, mwisho wakaniachia. Rungu wakalifunga karatasi yenye namba, nitalipata siku ya kushuka. Kusema kweli niliudhika, lakini wangelipitisha ningegeuka nirudi nyumbani. Walinzi wanaoruhusu rungu kupita si walinzi.

Chumba chetu kiko kona kabisa, na si chumba kimoja. Watoto walichukua vile vya heshima. Ukiingia kuna sebule yenye kochi na meza ya kioo, ndani yake chumba cha kulala chenye kitanda ambacho mimi na wewe na marehemu baba tungelala tukanyoosha miguu. Kuna bafu lenye maji ya moto yasiyochoka. Kuna birika la umeme, kabati linalowaka taa lenyewe ukilifungua, na roshani yenye viti viwili ambayo chini yake ni bahari tupu. Mlango wa korido unafunguliwa kwa kadi, kama ile ya kliniki. Unaigusisha, unasikia mlio mdogo, basi umeingia. Nikamuuliza mhudumu wa vyumba, mama mmoja mpole sana, kadi kama hiyo wanazo wangapi. Akasema na yeye anayo, ili aweze kutusafishia. Nikashukuru kwa mdomo tu.

Shemeji yako aliingia humo kama bibi arusi. Alivua viatu. Akafungua droo moja baada ya nyingine, akapanga vitenge vyake na dawa zake, akanusa sabuni, akakaa ukingoni mwa kitanda akakirukiarukia kidogo alipodhani simwoni. Akaniambia nilete begi langu anitolee nguo. Nikamwambia langu libaki limefungwa, pale karibu na mlango, hatujui mambo yatakuwaje. Akaacha droo moja wazi, akaendelea na vitu vyake.

Mimi nilikuwa na shida kubwa zaidi. Unajua mimi hulala upande wa mlango, siku chache ninazolala. Sasa hapa kuna mlango wa korido na mlango wa roshani, na kitanda kiko katikati. Nikikaa upande huu, ule uko nyuma yangu. Nikavuta kiti cha sebuleni, nikakijaribu hapa na pale mpaka nikapata pembe inayoona yote miwili. Kisha nikatafuta pa kutundika kufuli. Hamna. Mlango mzima wa maana namna ile hauna hata pete ya kupitishia kufuli. Nikapitisha mnyororo kwenye mshikio wake, nikauzungushia kwenye mshikio wa mlango wa bafu ulio kando yake, nikafunga. Ukashika barabara.

Mara mhudumu akabisha, ameleta matunda ya kutukaribisha. Akagusisha kadi, mlango ukafunguka upana wa kiganja, mnyororo ukaukamata. Akapenyeza macho. Akaona mnyororo, akaniona mimi kitini na tochi. Nikamwomba apitishe matunda moja moja. Alipitisha, maskini, chungwa baada ya chungwa, nanasi likakataa. Shemeji yako alicheka mpaka akajifuta machozi, na mimi nikafurahi kumwona anacheka. Lakini aliponiona nimerudi kukaa, kicheko kikaisha.

Ndipo vipaza sauti vikatangaza mazoezi ya dharura. Ni sheria ya meli. Kabla haijang'oa nanga, kila abiria aende mahali pake pa kukusanyika, avae jaketi la kuelea, aonyeshwe pa kukimbilia meli ikipata shida, na ahesabiwe. Bila watu kutimia meli haiondoki. Shemeji yako akavaa viatu, akachukua majaketi mawili kabatini, akaninyooshea moja.

Nikamwambia aende yeye. Nilikuwa nimeona wanaume wawili koridoni ambao sikuwaelewa, na mabegi yote yamo humu, na kadi wanazo watu. Geti haliachwi tupu. Wewe unajua, Mlingoti, mvua au jua, mpaka wa kukupokea afike.

Hakupandisha sauti. Laiti angepandisha. Alisimama na yale majaketi ya rangi ya machungwa mikononi, akasema:

"Mume wangu, mimi umenilinda, mabegi umeyalinda, hata nyanya za bustanini umezilinda. Usingizi wangu hukuwahi kuulinda hata siku moja."

Kisha akaniomba nimfungulie mnyororo, nikamfungulia, akatoka. Nikafunga tena. Jaketi langu aliliacha juu ya kochi.

Nilikaa. Korido ikawa kimya. Chini huko nikasikia watu wengi wakivuma kama mashine za kusuka. Kipaza sauti kikataja namba ya chumba chetu, kikaomba abiria aliyebaki ajitokeze. Nikajifanya nimetajiwa mwingine. Kikataja tena. Nikaanza kusikia wanaoguna, na safari hii sikuthubutu kuwaambia wangojee. Meli nzima, mdogo wangu, na nahodha wake na mashine zake, imesimama inanisubiri mimi. Sikatai kwamba kwa kiasi fulani nilijisikia mtu mkubwa. Lakini jaketi lile pale kwenye kochi lilikuwa linanitazama.

Mlango ukabishwa. Nikachungulia kwenye kitundu. Nikamwona mwanamke wa makamo, sare nyeupe, nyota mabegani, kofia ameishika mkononi. Akasema yeye ndiye mkuu wa walinzi wa meli. Hakugusisha kadi, na hilo nililiweka moyoni. Alingoja nje mpaka mwenyewe nikafungua.

Aliingia akauangalia mnyororo, akaliangalia kufuli, hakucheka. Akaniambia mke wangu ameulizwa mwenzake yuko wapi, naye amemweleza yote. Kisha akaniuliza swali ambalo tangu kiwanda kifungwe hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Aliniuliza niliingia lindo lini.

Hapa mjukuu asome polepole. Sisi wawili, babu yako na mimi, tulilinda geti moja. Mimi usiku, yeye mchana. Asubuhi hakuna aliyeondoka kienyeji. Anayetoka husema, "Lindo limelala salama." Anayeingia hujibu, "Nimeliamsha." Anayetoka hutaja vyote anavyoviacha, geti, maghala, funguo, mbwa, na anayeingia hujibu kwamba amepokea. Mwisho kabisa anayeingia humwambia mwenzake, "Nenda kalale." Ukishaambiwa hivyo, hata moto ukiwaka si wako. Unakwenda nyumbani unalala kama gunia. Babu yako aliniambia maneno hayo asubuhi nyingi sana, mpaka watoto wake walipomchukua kumpeleka huko mbali.

Aliyekuja baada yako, Mlingoti, alikuwa mtu wa maana, naye alifuata utaratibu. Lakini siku kiwanda kilipofungwa, hili sikukuandikia wakati ule, wote waliondoka mchana kwa magari. Mimi nikaingia zamu yangu jioni kama kawaida. Kukakucha. Nikasimama. Jua likapanda, hakuja mtu. Nikasubiri siku nzima na usiku mwingine. Waliokuja walikuwa na lori, na hawakuja kupokea lindo, walikuja kung'oa geti lenyewe wakaliuze chuma chakavu. Wakalipakia. Kufuli lilikuwa mkononi mwangu kwa sababu nilikuwa nimelifungua wapite. Nikarudi nalo nyumbani. Hilo ndilo kufuli ambalo walinzi wa meli waliitana kulitazama.

Basi nikamjibu yule mkuu kwamba niliingia lindo siku ile, na mpaka leo hakuna aliyenipokea.

Alivaa kofia yake. Akasimama wima. Akasema amekuja kupokea.

Unanijua. Sikumpa hivi hivi. Nilimuuliza maneno yetu, hakuyajua, akasema kwao wana maneno mengine. Nikamfundisha. Nikamfanya arudie mara mbili kwa sababu alisema "nimeliamsha" kwa sauti ya mtu anayeagiza chai. Mara ya tatu akaipata. Nikasimama mbele ya kiti changu, nikashusha tochi.

"Lindo limelala salama," nikasema.

"Nimeliamsha."

"Mlango mmoja wa korido, mmoja wa roshani. Mabegi matatu. Nanasi moja lililobaki nje. Mke mmoja, ana presha, hataki kelele."

"Nimepokea," akasema. "Na kufuli?"

Nikalifungua mnyororoni, nikampa. Akalipima uzito kwa mikono miwili, akaahidi litakaa pamoja na rungu langu, chini ya ufunguo wake mwenyewe, na kwamba yeye na watu wake wako macho usiku wote, ndiyo kazi yao. Kisha akanitazama usoni.

"Nenda kalale, mzee," akasema. Halafu akaongeza kwamba kwanza niende kwenye mazoezi, maana nahodha anatokwa jasho.

Nilishuka nimevaa jaketi. Nilipotokea watu walipiga makofi. Shemeji yako alisema ni kwa sababu meli sasa itaondoka. Mimi makofi ya heshima nayajua. Nikaenda kusimama kando yake. Aliona kamba ya jaketi nimeifunga ovyo, akaifungua, akaifunga upya, akaikaza kifuani kwangu, mkono wake ukabaki hapo kidogo. Kisha honi ikalia, ukingo wa bandari ukaanza kusogea kama gari la moshi la upande wa pili, na nikatambua kwamba ni sisi tuliokuwa tunaondoka.

Jioni nililipeleka begi langu chumbani mwenyewe, nikatoa nguo zangu. Droo aliyokuwa ameniachia ilikuwa wazi tangu mchana, hakuijaza. Nikapanga mashati yangu humo. Yeye akachukua upande wa kitanda ulio karibu na mlango, akisema anataka bafu liwe karibu. Mimi nikalala upande wa bahari.

Kuhusu usiku huo sina habari ya kukuandikia, kwa sababu sikuwepo. Nililala.

Nimeamka jua limeshapanda. Nikadhani nimesikia mashine ya meli imepata hitilafu, mngurumo unakata na kurudi. Nikainuka kuichunguza. Haikuwa mashine. Ni shemeji yako anakoroma. Mdogo wangu, nimemwoa nikiwa na nywele zote kichwani, ana wajukuu, na mimi nilikuwa sijui kwamba anakoroma. Na si mkoromo wa kitoto, ni wa fundi. Nimekaa kitandani nimeusikiliza kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari. Kisha nikachukua karatasi za meli kwenye meza, nikatoka roshani taratibu, nikarudisha mlango bila kuufunga, ili niendelee kumsikia.

Mhudumu alikuja na lile nanasi, amelikata vipande. Nikaweka kidole mdomoni. Akatabasamu, akaliweka, akaenda zake. Kadi anayo na aendelee kuwa nayo.

Barua hii nitaipeleka posta kwenye bandari ya kwanza. Wasalimie mkweo, wanao wote, na wajukuu, hasa huyu anayesoma, mwambie amesoma vizuri. Msalimie na yule jirani yako kinyozi unayemsema kila barua. Kitinda mimba wetu na kaka zake walinipa salamu zako nyingi kabla hatujapanda, nazo ndizo hizi. Shemeji yako angekusalimu kwa mdomo wake, lakini amelala, na mimi simwamshi kwa ajili yako wala kwa ajili ya nahodha.

Sasa lile jambo la dirishani. Wewe mdogo wangu walikuja kukuchukua kwa haraka, gari linangoja, na mimi nilikuwa nyumbani nimelala baada ya zamu. Uliondoka mchana, hakuna aliyekupokea. Nimelifikiria hilo asubuhi yote hii. Hayo magari unayoyalinda usiku si ya kwako, hata wenyewe wamelala.

Kwa hiyo mimi kaka yako, nikiwa na akili zangu timamu na kalamu yangu mwenyewe, nimesimama hapa roshani. Geti moja, maghala mawili, funguo kwenye msumari, mbwa mmoja mvivu. Nimeliamsha. Nimepokea vyote.

Mungu akufunike na akupe usiku mrefu. Nenda kalale.

Ni mimi nikupendaye, kaka yako mkubwa,

Kufuli